Mwenyeji Hasemi Usije

Wiki ya pili ya Desemba 2020 simu yangu ililia saa mbili usiku. Alikuwa Bibi, mwenyeji wetu wa Lamu. Hakuanza na korona. Alianza na watoto, mmoja baada ya mwingine, akauliza miguu ya mama yangu imepoa au bado, akauliza mvua za Nairobi zimekatika au zinaendelea. Alipomaliza zote ndipo akasema kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu ambacho "hamji" ni "hamuyi": "Mwaka huu hamuyi? Vyumba nimevipaka chokaa. Ndooni, wanangu."

Nilijibu "Inshallah, Bibi" nikakata simu, nikakaa kitandani na ile simu mkononi kwa muda mrefu.

Bibi si nyanya yetu wa damu. Ni mjane wa Lamu anayekodisha vyumba viwili vya ghorofani, na mimi na dada yangu mkubwa tulifika kwake mara ya kwanza Desemba 2012, kabla sijaolewa. Tulipanda basi Mombasa alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Witu, vumbi likitujaa mpaka kwenye kope. Mokowe barabara ikaisha, ikabaki bahari. Boti ilituvusha, na mji ukajitokeza polepole: ukuta mweupe, minara, punda wamefungwa gatini. Mimi ni mtu wa bara. Nilikuwa sijawahi kulala katika mji ambao njia zake ni nyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda mwenye mzigo wa matofali inabidi ujibanze ukutani.

Ukiniuliza likizo ni nini, nitakutajia nyumba ile. Unaingia kwenye daka, kiukumbi cha mlangoni chenye viti vya mawe huku na huku, unapita kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, unafika ndani kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani vya chokaa ambamo Bibi ameweka sahani za kale ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuzigusa. Juu kabisa kuna upenu wa makuti. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi huko juu upepo ukitupiga, na usiku tulilala hapohapo tukisikia adhana ya alfajiri ikianzia msikiti mmoja kisha mwingine, kana kwamba inapokezanwa. Siku ya tatu Bibi aliacha kutuhesabu kama wapangaji. Alikuja na mkate wa mofa wa moto, akakaa nasi, akatuuliza tumetokana na nani. Tangu siku hiyo hatukwenda tena Lamu kama watalii. Tulikwenda kwa Bibi.

Na kulikuwa na Nahodha. Alitupeleka Takwa, yale magofu ya kisiwani Manda, na ndiye aliyenifundisha kwamba huendi Takwa unapotaka wewe. Unakwenda maji yanapojaa, kwa sababu njia ni hori linalopita kati ya mikoko, na maji yakitoka mashua inakaa kwenye tope mpaka yarudi. Alinifundisha bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo; upepo wa kusi na wa kaskazi. Mimi ni mwalimu, nimesoma jiografia chuoni, lakini kupwa na kujaa nilikuelewa nikiwa kwenye mashua yake.

Juni 2014 Mpeketoni, mji wa kaunti hiyohiyo ya Lamu, ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na serikali ikaiwekea Lamu kafyu. Mwaka huo hatukwenda. Mwaka 2015 watu wetu wote walitukataza, nasi tukaenda. Basi letu lilisafiri katika msafara wenye ulinzi wa polisi, na tulipofika Bibi alitukumbatia akalia. Alisema vyumba vyake vimekaa kimya kwa miezi mingi na kwamba sisi tumemkumbuka wakati wa shida. Nahodha alikataa nauli ya siku ya kwanza. Nilirudi Nairobi nikiwa na fahari ambayo sikumwambia mtu: sisi si wageni wa raha tu, sisi ni wale wanaokuja hata kukiwa na hatari.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu fahari hiyo ndiyo iliyonisumbua mwaka 2020. Nilidhani korona ni Mpeketoni nyingine, kwamba swali ni lilelile: una moyo au huna?

Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye tukaambiwa shule zinafungwa. Mwisho wa mwezi ikaja kafyu ya saa moja jioni, na Aprili Nairobi ikafungwa, hatoki mtu haingii mtu. Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zikafungwa siku mbili baadaye. Miezi ile mitatu sikuwa na uamuzi wowote wa kufanya. Niseme ukweli, ilikuwa nafuu. Serikali ilishaamua kwa niaba yangu, na nikikosa kumzika mjomba Machakos, lawama haikuwa yangu. Mipaka ilipofunguliwa Julai 7, mzigo ukahamia kwangu. Ruhusa ilikuwepo. Treni ya kwenda Mombasa ilirudi. Mimi sasa ndiye niliyetakiwa kujua la kufanya, na nilikuwa sijui.

Baba watoto alitaka twende, na hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Watoto walikuwa wamefungiwa ndani ya vyumba viwili mwaka mzima; yule mdogo alikuwa ameanza kuzungumza na ukuta. Bibi ametuita mwenyewe. Kafyu ilikuwa imesogea hadi saa nne usiku, kwa hiyo safari ya mchana haivunji sheria. Na pesa zetu, alisema, zina kazi kule kuliko hapa.

Hoja hiyo ya mwisho ilipata nguvu siku mbili baadaye Nahodha aliponipigia. Hakuomba. Alinipa tu habari za bahari, kwamba kaskazi imeingia vizuri, samaki wapo, kisha akasema tangu Machi amebeba wageni mara nne. Mara nne katika miezi tisa. Ana watoto watano, na wawili walikuwa wanasubiri karo ya Januari. Nilimuuliza anaishije. Akasema, "Tunashukuru." Ukikaa na watu wa pwani utajua neno hilo hubeba mambo mengi ambayo mtu hataki kuyataja.

Dada yangu ni muuguzi katika hospitali ya kibinafsi. Alikuwa ameomba likizo na kuipata. Jioni moja alikuja kwangu, tukakaa kibarazani mbalimbali na barakoa zetu, akaigeuza kalenda ya ukutani akaanza kuandika nyuma yake. Alisema tuache kuuliza kama tutaugua. Tuandike ni hewa ya nani tutaivuta, na nani atavuta yetu.

Mimi: nilikuwa nafundisha kidato cha nne tangu shule zilipofunguliwa kwa sehemu Oktoba, wanafunzi zaidi ya arobaini darasani, na nitaendelea hadi karibu na Krismasi. Yeye: wodi, kila siku, na wenzake watatu walikuwa wameshaugua. Kisha safari yenyewe. Treni, saa tano na zaidi katika behewa lenye kiyoyozi na madirisha yasiyofunguka. Usiku mmoja Mombasa. Basi, saa saba au nane. Mabasi yaliamriwa kubeba asilimia 60 tu ya abiria, lakini sote tulikuwa tumeona ilivyokuwa mara yakishapita kizuizi cha polisi. Boti haikumtia wasiwasi, ina upepo. Halafu akaandika neno "Bibi" akalizungushia duara.

Bibi ana zaidi ya miaka sabini. Ana sukari na presha.

Nilimwambia tunaweza kupima kabla ya kuondoka. Akanieleza kwa utulivu, kama anavyoeleza jamaa za wagonjwa: mtu anaweza kupimwa leo akaonekana mzima kwa sababu virusi bado havijaongezeka, na keshokutwa akawa anaambukiza bila hata kukohoa. Dalili mara nyingi huja siku ya tano au ya sita na zinaweza kuchelewa hadi siku 14. Kujitenga siku 14 kabla ya kumfikia Bibi kungetufaa, lakini mimi nilikuwa na siku kumi hivi za likizo, maana shule zote zilikuwa zifunguliwe tarehe 4 Januari. Kumi na nne haziingii katika kumi. Hesabu ilikuwa rahisi kiasi hicho, na mpaka aliponiandikia nilikuwa nimeizunguka mwezi mzima.

Akaongeza jambo jingine. Tarehe 7 Desemba wauguzi na matabibu wa hospitali za umma walikuwa wameanza mgomo nchi nzima. Lamu ina hospitali ya kaunti, lakini mgonjwa akizidiwa lazima avushwe maji, ama hadi uwanja wa ndege ulioko Manda ama hadi Mokowe, na kutoka hapo Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. "Mwaka 2015," dada akasema, "kama lingetokea la kutokea lingetupata sisi. Sasa hivi sisi ndio tunaolibeba."

"Lakini Bibi mwenyewe amesema tuje," nikamwambia.

Dada akanitazama. "Umewahi kumsikia Bibi akisema usije?"

Nilitafuta kichwani. Mwaka wa msiba wa kaka yake alitupokea. Mwaka ambao bomba la maji lilikauka wiki nzima alitupokea, akanunua maji ya kubebwa na punda bila kutuambia bei. Katika nyumba yake, na katika nyumba nyingi za pwani nilizoingia, mgeni akiuliza "nije?" ameshauliza swali lenye jibu moja. Hata mlango wenyewe unatanguliwa na viti vya kumpokelea. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nangoja Bibi aniamulie nilikuwa nangoja jambo ambalo malezi yake hayamruhusu kulifanya. Kama kuna mtu wa kukataa, ni mgeni.

Kukataa nako kuna namna. Kama ningemwambia "tunakuogopea wewe, Bibi," angenijibu kwamba yeye ni wa Mungu na siku yake ikifika imefika, na mimi ningekosa la kusema. Nilimpigia saa za alasiri, wakati ninaojua ameshaswali na amepumzika. Nilimwambia sisi ndio wenye mashaka. Dada analala na kuamka na wagonjwa, mimi natoka kwenye darasa lililojaa, hatujui tumebeba nini na hatuwezi kuja kumwekea nyumbani kwake. Alikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Mungu atatukutanisha na uzima." Hakubisha hata kidogo. Wakati huo sikulitilia maanani.

Pesa za vyumba alizikataa. Alisema hajapika, hajatandika, atachukuaje? Ilibidi nimpitie mjukuu wake, tukaziita arubuni ya mwaka ambao tutakuja. Kwa Nahodha tulifanya hivyohivyo: arubuni ya safari tatu za Takwa, kwa simu, kabla ya karo za Januari. Hazikufika nusu ya tulichotumia mwaka wowote wa kawaida. Naliandika hili kwa sababu nimewasikia watu wakisema wakati ule kwamba kukaa nyumbani hakukumgharimu mtu chochote.

Siku zile kumi zilikuwa ndefu. Nilijaribu mkate wa mofa kwenye jiko la mkaa ukatoka mgumu kama kigae, na watoto wakaula wote.

Mwalimu mwenzangu alikwenda kwao Kilifi sikukuu hiyohiyo, akakaa na wazazi wake wazee, akarudi, na hakuna aliyeugua. Januari tulipokutana ofisini nilijiuliza kama tulikuwa tumejinyima bure. Nimelirudia swali hilo mara nyingi. Ninavyoona, yeye kurudi salama hakunionyeshi kama uamuzi wake ulikuwa mzuri, na mimi kubaki hakunionyeshi kama wangu ulikuwa bora. Dereva akilipita lori kwenye kona asikutane na mtu, kona bado ni kona. Lakini pia sikumwona kuwa mkosefu. Wazazi wake walikuwa hawajamwona tangu Februari, na mama yake alikuwa anasahau majina. Mimi nilikuwa nakwenda kupumzika. Si safari zote zina uzito mmoja, na nafikiri tulikosea sote tulipozijadili kana kwamba zote ni "kusafiri" tu.

Chanjo zilifika Kenya Machi 2021. Walimu tulikuwa miongoni mwa walioitwa mapema, pamoja na wahudumu wa afya na watu wa miaka 58 na zaidi. Mwisho wa mwezi huohuo Nairobi na kaunti nne za jirani zikafungwa tena hadi Mei. Dozi ya pili ilichelewa kwa sababu shehena kutoka India zilikatika, nami niliipata katikati ya mwaka. Mjukuu wa Bibi alinitumia picha: Bibi na buibui lake, mkono mmoja nje, amegeuza uso upande wa ukuta.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Tukaanza kupanga. Na Desemba, tukiwa tumeshakata tiketi za treni, likaja wimbi la Omicron, na katika wiki moja nusu ya watu niliowajua wakawa na mafua na homa. Nilihisi uchovu mkubwa, kama mtu aliyefika kileleni akaonyeshwa mlima mwingine. Ila safari hii tulijua pa kuanzia. Dada akaichukua kalenda. Bibi amechanjwa mara mbili, sisi wakubwa pia. Wauguzi wapo kazini. Tutapima siku mbili kabla. Huko hatutakaa ndani naye. Tutakaa juu penye upepo.

Dada alipima akapatikana nayo. Nilikuwa sijaonana naye kwa wiki mbili. Alinipigia akicheka na kukohoa, akasema niende na salamu zake na nisimletee halwa iliyokauka. Sisi wanne tulipatikana salama, na tarehe 24 tukapanda treni Syokimau na barakoa zetu, watoto wamekatazwa kuzivua hata kwa kula. Tulikula kwa zamu karibu na mlango kila treni iliposimama.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Mwanangu mdogo alimkimbilia, nami nikamshika bega kabla hajafika, na sote watatu tukabaki hivyo, hatujui la kufanya na mikono yetu. Siku nne za kwanza tulikula upenuni. Bibi alipanda ngazi taratibu, akakaa upande wake kwenye mkeka, na upepo wa kaskazi ukapita katikati yetu.

Usiku wa tatu watoto walikuwa wamelala. Alikuwa anasukuma tasbihi. Bila kunitazama akasema, "Mwaka ule mliposema hamuyi, nalilala usiku kucha. Siku nyingi nalikuwa silali."

Nikamuuliza kwa nini.

Akanieleza kwamba familia nyingine ya Nairobi ilikuja Desemba ile. Aliwapikia, alikaa nao, alicheka na watoto wao. Walipoondoka alihesabu siku kumi na nne kwa tasbihi hiyohiyo, na kila koo lilipomkwaruza alimwita mjukuu amshike paji la uso. "Naliomba Mungu msiye," akasema, "na simu naliipiga mimi."

"Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Mwenye nyumba hasemi usiye." Alilisema kama ambaye ameulizwa bahari iko upande gani. Kisha akauliza kama nimeshawafunika watoto, maana usiku kuna ubaridi.

Kwa Nahodha tulikwenda tarehe 27. Nilimkuta gatini akishona tanga, amekonda. Mashua ni ileile, lakini nyuma, mahali pa mashine, palikuwa patupu. Aliiuza Februari 2021, mwezi mmoja na zaidi baada ya arubuni yetu. Ililipa karo na deni la dukani. Nilianza kumwambia kwamba samahani, kwamba mwaka ule tungekuja. Akanikatiza kwa mkono. Mama yake mzazi naye, akasema, yupo hai. Kisha akaangalia maji.

Mwezi ulikuwa umefika robo ya mwisho, maji mafu, na yangejaa mwisho wake saa nne asubuhi. Kwa mashine ungekuwa mwendo mfupi. Kwa tanga, na kaskazi ikitoka kule tunakokwenda, tulipiga bisho huku na huku mlangoni mwa Manda, na nahodha akawaonyesha watoto jinsi ya kuhama upande foromali, ule mti unaoshika tanga, inapogeuka. Walijifunza haraka. Yule mdogo, aliyekuwa akizungumza na ukuta, alikuwa anapiga kelele "geuka!" kabla ya amri.

Tulichelewa. Tulipoingia hori maji yalikuwa yameshaanza kutoka, na mashua ikagusa chini kabla ya kufika gati la Takwa. Nahodha akashusha tanga, akaruka kwenye tope lililomfika magotini, akanyoosha mikono apokee mtoto wa kwanza.